Sufuria, Mwambie Mama

Chumba changu kiko juu, chini ya paa. Ngazi ya kupandia ni nyembamba, na dari imeinama pande zote mbili, kwa hiyo mtu anasimama wima katikati tu. Kina dirisha moja linaloangalia pale gari linapoegeshwa. Nataja dirisha kwanza kwa sababu ndilo linaloniambia kama mkwe wangu amerudi.

Choo kiko chini. Ukitaka kujua maisha yangu ya hapa Shively, pembeni ya Louisville, yako hapo: choo kiko chini, mimi niko juu, kati yetu kuna sebule, na sebuleni kuna mwenye nyumba.

Nieleze, maana si kila mtu ametoka kwetu. Kwetu, kule milimani juu ya ziwa, mama haonani na mume wa binti yake. Si uadui. Ni heshima, tena kubwa. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawaitani majina, hawali chombo kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwingine apite. Neno likilazimika, linapitia kwa mtu wa tatu. Wazee wetu walijenga nyumba mbali mbali, na majani yalikuwa mengi. Hapa Kentucky majani yanakatwa kila Jumamosi.

Iko njia ya kumaliza mambo hayo. Wazee wa upande wa mume na wazee wa upande wa mke wanakaa, mbuzi analetwa, kitambaa kinafungwa mama begani, na kuanzia siku hiyo mkwe anakuwa kama mtoto. Lakini binti yangu aliolewa kambini, Tanzania, na huyu kijana hakuwa na mzee hata mmoja. Baba yake aliachwa njiani, wajomba zake hatujui waliishia wapi. Nani angekaa upande wake? Tulisema tutafanya baadaye. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, na labda mtu aliyesoma zaidi angeona njia nyingine. Mimi sikuiona.

Tulipotoka kambini nilifikia Buffalo, kwa mdogo wangu wa kiume, karibu na barabara ya Bailey. Theluji ilikuwa mpaka madirishani, lakini nilikaa sebuleni kwake miguu nimenyoosha, kwa sababu ni tumbo moja na mimi. Halafu binti yangu akazaa mtoto wa pili huku Louisville. Yeye anafanya zamu kwenye nyumba ya kutunza wazee, mume wake anafanya zamu kwenye ghala la mizigo. Wakaniomba nije niangalie watoto mpaka mdogo atembee. Mtoto akatembea. Akakimbia. Sasa anapanda ngazi mwenyewe kuja kunigongea mlango, na mimi bado niko.

Nataka niwe wa haki kwa mkwe wangu, kwa sababu hasemi na mimi na hawezi kujitetea. Hajawahi kuingia nyumbani mwake bila kukohoa. Anaanza kukohoa akiwa bado kwenye gari, anakohoa mlangoni, anatikisa funguo, halafu anasubiri nipande. Jirani yetu, bibi mmoja mzungu, aliwahi kumvuta binti yangu pembeni akamwuliza kama mumewe amepimwa kifua.

Tena anakula ndani ya gari. Mwanzoni nilidhani ana haraka. Kisha nikaona kutoka dirishani, taa ndogo ya gari imewaka, sahani iko mapajani, na nje ni baridi ya Januari. Akila jikoni, mimi siwezi kushuka. Kwa hiyo anakula huko, ananipa muda wa kwenda chooni, kuosha mikono, kujipakulia na kurudi juu. Nilimwangalia mara nyingi nikajiuliza ni nani amefungiwa, yeye au mimi. Yeye ndiye asiyekula mezani pake. Lakini yeye anaweza kuwasha gari.

Mwaka huu, kabla joto halijaanza, niliamua kurudi Buffalo. Mjukuu wangu mdogo alikuwa anabatizwa, na ndugu zangu wote wawili walikuwa wanakuja: mdogo wangu wa kike anayeishi Columbus, upande wa Westerville, na yule wa kiume wa Buffalo. Nikasema moyoni, huyu wa Buffalo nikimpata peke yake, nitamwomba anirudishe. Sikutaka kusema kwa simu. Nyumba hii ukuta wake ni kama karatasi, na binti yangu angesikia kabla ya kuambiwa. Nilifunga nguo zangu kwenye mfuko mmoja nikausukuma chini ya kitanda. Nilijua binti yangu atataabika na watoto. Nilijua. Bado nilifunga.

Wiki hiyo binti yangu akapanda kuniletea habari.

“Mama, bwana yangu anasema Jumamosi yee mwenyewe njo atapika.”

“Atapika? Bakwe bake banakuja, na yee njo anaingia mu jikoni?”

“Anataka kuwapikia bile bintu bya bahari. Kaa, krevete, viazi, mahindi, soseji, byote banatokosha mu sufuria moja. Ku kazi yake kuko jamaa moja ya kule kusini, njo alimufundisha.”

“Bon. Na sahani tunatoa wapi ya bantu bote hao?”

“Hakuna sahani, mama. Banamwanga ku meza.”

“Banamwanga?”

“Ku meza, juu ya karatasi. Bote banazunguka, banakula na mikono.”

Kwetu kinachomwagwa ni maji ya kuoshea vyombo. Lakini hilo halikunisumbua, kila nchi na meza yake. Kilichonisumbua nilikiona baadaye kidogo, binti yangu akiwa bado amesimama pale ananiangalia. Lundo moja. Mikono yote kwenye lundo moja, wa mkwe wangu na wa kwangu. Binti yangu pia alikuwa ameliona.

“Wewe nitakuletea huku juu,” akasema.

“Bon,” nikasema. Neno hilo la Kifaransa linamfaa sana mtu asiyetaka kusema kitu.

Jumamosi ikafika. Mpango ulikuwa hivi: mkwe wangu apike, binti yangu asimame naye, mimi nimenye vitunguu huku juu kwenye beseni. Sufuria ilitolewa gereji, ile kubwa tunayopikia bugali siku za kanisa, ikakaa juu ya mafiga mawili ya jiko la umeme kwa sababu moja halikuitosha. Ndipo simu ya binti yangu ikalia. Mwenzake hakufika kazini, na wale wazee hawawezi kuachwa peke yao. Nilimsikia akibishana kidogo, halafu akapanda ngazi akiwa ameshavaa nguo za kazi.

“Mama, nisamehe. Shuka umusaidie. Beko mu njia, batafika na njaa.”

“Nimusaidie ginsi gani?”

“Mutoto atapita kati yenu.”

Mtoto ni mjukuu wangu mkubwa, msichana, ana akili na hana subira. Nikakaa kwenye ngazi, pale ukuta unapokata, nisionekane jikoni. Nikamwambia, nenda umwulize baba kama vitunguu nivikate au vinaingia vizima. Akaenda, akarudi: vizima. Nikamwambia, mwulize na vitunguu saumu. Akaenda, akarudi: vichwa vizima, vikatwe katikati. Baba yake naye akamtuma aniulize ndimu ziko wapi. Akaja, akaenda, akaja. Mara ya mwisho akasimama kati ya ngazi na jiko, akashika kiuno, akasema kwa Kiingereza, na hicho Kiingereza nilikielewa chote, kwamba yeye si simu, na kwamba baba yuko pale pale, nimwambie mwenyewe. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Mdogo alikuwa amelala.

Tukabaki wawili na sufuria.

Tulianza kwa zamu bila kupanga. Yeye akitoka kwenda gereji kuchukua meza, mimi nilishuka upesi, nikafanya kilichobaki, nikarudi ngazini. Yeye akirudi, alikohoa, akaingia, akafanya kilichobaki kwa macho yake. Mara ya kwanza nilikuta maji yanaanza kutoa mapovu madogo, na mfuko wa chumvi uko wazi pembeni. Nikasema, huyu amesahau chumvi. Mtu mwingine angeonja. Mimi sikuweza kuonja. Kile ni chakula cha mkwe, na kijiko kilichopita kinywani mwangu hakirudi kwenye chungu chake. Nikatia chumvi kwa mkono, kwa kukadiria sufuria ilivyo kubwa, nikaufunga mfuko vizuri. Sasa najua kwamba alikuwa ameshatia.

Mara ya pili nilikuta maji yamekuwa mekundu. Pakiti moja ya viungo, yenye picha ya kaa, ilikuwa imechanwa, na nyingine nzima. Nikasoma maandishi polepole, neno kwa neno. Nilivyoelewa, sufuria kama ile inataka pakiti zote mbili. Sijui kama nilielewa vizuri, Kiingereza cha kwenye pakiti kimeandikwa kidogo kidogo kama chawa. Nikatia ya pili. Kumbe pakiti zilikuwa tatu. Ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kutupwa takatakani, na ile ya tatu alikuwa ameiweka ya kumpa mdogo wangu wa Columbus aende nayo.

Ule mvuke ulipopanda, ulinikamata kooni nikiwa bado pale pale jikoni. Nikaanza kukohoa. Macho yakajaa machozi, sikuona ngazi iko upande gani. Na wakati ule ule nikasikia kikohozi cha mkwe wangu mlangoni, nikasema moyoni, Mungu wangu, anaingia, nipande. Lakini safari hii hakuwa ananionya. Alikuwa anakohoa kweli. Pilipili ilikuwa imemfuata mpaka nje. Akaingia na fulana juu ya pua, moja kwa moja kuelekea jiko, kwa sababu sufuria ilikuwa inafurika na maji yanalia juu ya chuma cha moto.

Nikavuta kitenge kichwani, nikageukia sinki, uso dirishani. Nikamsikia amesimama. Ameniona. Sasa atatoka, nikasema. Lakini akitoka, sufuria inamwagika. Na mimi nikitaka kupanda, ni lazima nipite nyuma yake karibu kumgusa. Kwa hiyo hakuna aliyeondoka. Akapunguza moto. Tukasimama migongo ikiangaliana, mmoja anaangalia sinki, mmoja anaangalia ukuta, wote tunakohoa.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini sana:

“Sufuria, nani alikutia chumvi?”

Sikujua kama nimesikia sawasawa. Ile sauti nilikuwa naijua kupitia sakafu tu, akiwa kwenye simu. Nikafungua maji ya bomba ili nisionekane nasema na mtu.

“Sufuria,” nikasema, “mwambie njo mimi nilitia. Niliona mufuko iko wazi.”

Akakoroga mara mbili.

“Sufuria, mwambie mama, hata mimi nilitia.”

“Na ile ya pilipili?”

“Niliitia, mama.” Akajikamata. “Sufuria, mwambie mama niliitia. Mbili.”

“Sufuria, mwambie ya leo ni tatu.”

Kisha nikamsikia anaipigapiga sufuria pembeni kwa mwiko, kama mtu anavyompigapiga mgonjwa begani.

“Pole, sufuria,” akasema.

Nilicheka. Niliuma kitenge, lakini mabega yanaonekana hata kwa nyuma. Naye akacheka, kicheko cha puani, na kikaishia kwenye kikohozi.

Baada ya hapo ilibidi tuitengeneze, na kutengeneza kunataka maneno. Nikaiambia sufuria imwambie amwage nusu ya maji aweke mapya, na atie viazi vingi kuliko alivyopanga, viazi vinakunywa chumvi. Akamwaga kwenye sinki, na mimi nikasogea kwenye friji nikiangalia mlango wa friji. Akajaza upya. Akaiambia sufuria kwamba mahindi na soseji vinafuata viazi vikianza kulainika, kaa baada yake, krevete, yaani kamba, mwisho kabisa, karibu na kuzima moto, kwa sababu krevete ikikawia inakuwa mupira wa kiatu. Kisha, akasema, unazima jiko unafunika, unaacha vilale ndani vinyonye. Yule jamaa wa kazini alimwambia wengi wanakosea hapo, wana njaa, wanamwaga mapema. Nikaiuliza sufuria kama siagi inaingia ndani. Hapana, siagi inayeyushwa pembeni na kitunguu saumu, inamwagiwa juu mezani. Anajua kazi yake. Nisiseme uongo, anapika vizuri kuliko nilivyodhani mwanamume anaweza, na alieleza bila kujivuna. Ile pilipili ilikuwa makosa yetu wote wawili, nusu kwa nusu. Labda yangu imezidi kidogo.

Kulikuwa na mlio wa gari nje. Wageni. Nikajua ni wakati wa kupanda, nikapangusa mikono, nikaanza kusogea kuelekea ngazi, ubavu ubavu, kitenge usoni. Hapo akasema:

“Kaa.”

Neno moja tu, huku akiangalia sufuria. Nikasimama. Mfuko wa kaa, miguu yao mirefu ya barafu, ulikuwa juu ya meza. Nikaupitisha nyuma yangu bila kugeuka, nikasikia ameupokea. Nikapanda. Ni huku juu tu, nimekaa kitandani, nilipokumbuka kwamba mfuko ule ulikuwa karibu na kiwiko chake kuliko changu. Na nikajiambia, acha ujinga, mama. Mtu anapika kaa, anasema kaa.

Ndugu zangu walikuja pamoja kwenye gari la huyu wa Columbus. Meza zilitandikwa pale pale penye kuegesha gari, kwenye kivuli, chini ya dirisha langu, karatasi nyeupe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikaona kutoka juu mkwe wangu na mdogo wangu wameibeba sufuria kwa vitambaa, wameichuja, wakaimwaga. Mvuke ukapanda mpaka kwangu. Lundo jekundu na njano, mahindi yanabiringika, watu wanayarudisha kwa viganja. Vilikuwa vizuri kutazama. Vichwa vyote vikainama kwa sala, halafu mikono ikaingia.

“Ayi! Kuko moto humu!” Huyo ni mdogo wangu wa Columbus, hajui kusema polepole. “Shemeji zangu Bakenya ba Westerville bangekufa! Nani alipika?”

“Sufuria,” mkwe wangu akajibu, na hakuna aliyeelewa isipokuwa mtu mmoja dirishani.

“Na Yaya iko wapi? Yaya! Shuka! Huku kila mutu anakula, hata ile jirani muzungu inakuja! Shuka, kaa haina mukwe!”

Yaya, kwetu, ni dada mkubwa, yaani mimi. Wakacheka wote. Ni mzaha mzuri, mimi mwenyewe ningecheka ningekuwa chini. Lakini mkwe wangu aliacha kucheka. Akapangusa mikono, akaondoka mezani, akaenda kusimama mlangoni mwa gereji, mgongo kwa watu, kama anayetafuta kitu. Alikuwa ananiachia nafasi nishuke nile. Na mimi ningeshukaje, nimfukuze kwenye meza aliyoipika mwenyewe, mkesha wa ubatizo wa mwanawe? Sikushuka. Naye, kwa kuwa hakujua kama nitashuka au la, hakurudi. Lundo likabaki linapungua, na wapishi wake wawili hawajala.

Ndipo mdogo wangu wa Buffalo akajaza sinia la foili, akapanda nalo. Alilazimika kuinama mlangoni. Akakaa kitandani pembeni yangu, sinia katikati, akaanza kuvunja miguu ya kaa kwa meno na kunipa nyama. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinimenyea samaki mdogo, yeye akiwa mtoto na mimi pia mtoto. Nikasema, ni sasa.

Mguu wake ulinitangulia. Uligusa kitu chini ya kitanda, akainama, akauona mfuko.

“Unasafiri, Yaya?”

“Nataka nirudi kwako.”

Akaendelea kuvunja.

“Si kwamba wananitesa,” nikasema. “Usimufikirie mubaya. Hakuna neno mubaya amenisemea.”

“Najua. Hasemi neno lolote.”

“Donc, basi, unaona. Kwako mimi naweza kukaa sebuleni. Naweza kwenda chooni bila kuchungulia dirishani.”

“Yaya.” Akaweka ganda chini. “Mama ya bibi yangu, mukwe yangu, iko kule.”

“Si alikuja kutembea?”

“Bote bakuja kutembea, Yaya. Hata wewe ulikuja hapa kutembea.”

Nikausukuma mfuko kwa kisigino.

“Alikamata chumba yako. Iko pale juu, anaangalia dirishani kama wewe. Mimi naanza kukohoa ku kona ya Bailey.” Alijaribu kucheka. “Chakula nakula mu motoka. Bibi yangu anasema motoka inanuka samaki ya sambaza.”

Nilimwangalia. Ni mtu mzima sasa, ana mvi kidevuni, na alikuwa na aibu kama amekosa, wakati hakukosa kitu. Yule mama naye hakukosa. Atakwenda wapi? Nikafikiria chumba changu cha Buffalo, chenye kapeti ya kijani, na mama nisiyemjua amekaa mle akisikiliza funguo. Nikamwuliza kama hatuwezi basi kuwakalisha wazee, tumalize jambo, mbuzi na kitambaa.

“Upande wake atakaa nani?” akauliza. Ni swali lile lile la kambini.

“Na Columbus?”

“Mudogo yako iko na vyumba viwili na bantu saba. Umuulize, hatakataa. Atakulaza ku kochi, na atasema kila siku kwamba hasemi kitu.” Hapo alisema kweli, na mdogo wangu wa kike anisamehe, anajijua.

Akachukua mguu mkubwa kuliko yote, akauvunja, akaniwekea kiganjani nyama nzima, nyeupe, haijakatika.

“Kaa, Yaya,” akasema.

Nikadhani ananitajia chakula. Nikafunua kinywa kumwambia asante. Kisha nikaona macho yake.

Pilipili ilisaidia. Akashuka akiwaambia kwamba huku juu tumelia wote wawili, ile sufuria imezidi ukali.

Nilikula. Ilikuwa na chumvi nyingi bado, lakini viazi vilikuwa vimefanya kazi yao. Nilipochungulia, nilimwona mdogo wangu akienda gereji, akamshika mkwe wangu bega, akamrudisha mezani. Akala yaliyobaki, na hayakuwa mengi.

Jumapili mtoto akabatizwa. Jumatatu ndugu zangu wakaondoka. Maganda yote binti yangu aliyafunga mifuko miwili akayatoa nje, kwa sababu nyumba ilianza kunuka, na gari la taka likayachukua. Mfuko wangu sikuufungua. Sikuweza kuubeba na sikutaka kuufungua, kwa hiyo uko pale pale.

Sufuria niliisugua mimi. Nikaiweka mlangoni mwa gereji mtu aiingize. Asubuhi nikaikuta juu ya jiko. Nikadhani binti yangu ana mpango wa kupika kitu. Nikaitoa tena. Kesho yake iko juu ya jiko.

“Nani anarudisha hii mutungi hapa?” binti yangu akauliza jikoni. “Inakamata moto mbili kubwa! Nitapika wapi?”

Mume wake alikuwa bafuni, mimi nilikuwa ngazini.

Siku moja wiki hiyo nilikuwa na maharagwe jikoni, kwenye moto mmoja wa pembeni uliobaki, binti yangu yuko kazini, watoto wako nyuma wanacheza. Nikasikia gari, nikasikia kikohozi, funguo, kusubiri. Nikazima moto, nikapanda kama kawaida. Nikiwa katikati ya ngazi nikamsikia ameingia. Kifuniko cha maharagwe kikalia. Sahani ikatoka kabatini. Nikangoja mlango wa nje ufunguke, aende garini. Haukufunguka.

“Sufuria,” akasema.

Nikasimama, mkono ukutani.

“Kaa.”

Mtu hawezi kumwambia mama mkwe hivyo, kavu, bila mukae, bila tafadhali. Angechapwa na babu zake wote. Sufuria ndiyo inayoambiwa hivyo. Na nyumbani hakukuwa na kaa, hata ganda lake.

Sijui. Naandika hivi na bado sijui kama alinifungulia kitu au aliniambia lile lile la ndugu yangu. Labda hata yeye hajui. Choo bado kiko chini. Lakini miguu ilikuwa imechoka, nikakaa, pale pale katikati ya ngazi, ukuta kati yetu. Nikamsikia anavuta kiti. Anaonja. Akaacha kutafuna.

Nilijua kwa nini. Nilikuwa nimezima moto mapema, kabla ya kuyamaliza.

“Sufuria,” nikasema kwa ukuta, “mwambie maharagwe haina chumvi. Atie yeye. Mimi sijatia.”

Nikasikia mfuko wa chumvi ukifunguliwa.